Dirisha Kwanza, Antena Baadaye: Usikivu wa Skana Ndani ya Nyumba ya Ghorofa

Redio ya skana ni kipokezi kinachopekua masafa mengi kwa mfululizo, kikiruka kutoka masafa haya hadi yale mara nyingi kwa kila sekunde, na kusimama pale tu kinapokuta kuna mtu anazungumza. Kwa sura hufanana na redio za mkononi za walinzi, ila yenyewe husikia tu na haisemi. Redio ya kawaida ya sebuleni hupokea matangazo ya FM kutoka mitambo yenye nguvu ya maelfu ya wati, ndiyo maana kipande chochote cha waya kilichochomekwa nyuma yake huitosheleza. Skana hutafuta sauti za vyombo vidogo, kama redio ya mkononi yenye wati 5 au redio ya VHF ya melini ambayo kikomo chake ni wati 25, na sauti hizo zikishasafiri kilomita nyingi huwa hafifu kiasi kwamba ukuta mmoja unatosha kuzimaliza.

Mkaazi wa nyumba ya ghorofa huipata shida hii mara mbili, kwa sababu paa si lake, mwenye nyumba hataki nguzo wala waya zinazoning'inia nje, na redio yenyewe imekuja na antena fupi ya mpira iliyobuniwa kwa ajili ya kubebeka kuliko kusikia. Wengi hukimbilia kununua antena ya bei kubwa au kifaa cha kukuza mawimbi, kisha hushangaa kuona kilichokua ni kelele. Utaratibu wenye manufaa ni kinyume cha huo: kwanza mahali, pili urefu na mkao wa antena, tatu utulivu wa umeme wa nyumba, na ununuzi uwe wa mwisho.

Chumba kinavyolitendea wimbi

Mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa mwanga, takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, na kila masafa yana urefu wake wa wimbi, yaani umbali kati ya kilele kimoja cha wimbi na kilele kinachofuata. Masafa hupimwa kwa megahezi, ambayo ni mitetemo milioni moja kwa sekunde, na ili kupata urefu wa wimbi kwa mita inatosha kugawanya 300 kwa idadi ya megahezi. Mazungumzo kati ya marubani na waongozaji ndege, ambayo kimataifa hutumia megahezi 118 hadi 137, yana wimbi la mita 2.4 hivi, idhaa ya 16 ya VHF ya baharini, inayotumiwa duniani kote kwa wito na kwa kuomba msaada katika megahezi 156.8, ina wimbi la mita 1.9, na redio nyingi za mkononi za walinzi na za viwandani, zinazofanya kazi karibu na megahezi 450, zina wimbi la sentimita 67. Vipimo hivi vitatu vinafaa kukumbukwa, maana upana wa dirisha, nafasi kati ya nondo na urefu wa antena vyote hulinganishwa navyo.

Ukuta wa mbao au wa matofali makavu hulipunguza wimbi kidogo, zege lenye nondo hulipunguza zaidi, na bati hulirudisha lilikotoka. Vioo navyo si salama kila mahali, kwa kuwa baadhi ya vioo vya kisasa vimepakwa utando mwembamba wa metali wa kuzuia joto, na utando huo huzuia wimbi la redio kama unavyozuia jua, hata ikawa mtu wa jengo jipya la vioo vinavyong'aa anasikia vibaya kuliko mwenzake wa nyumba kuukuu yenye madirisha ya mbao. Upotevu wa namna hii hupimwa kwa desibeli, kipimo cha kulinganisha nguvu mbili: kupoteza desibeli 3 ni kubaki na nusu ya nguvu, na kupoteza desibeli 10 ni kubaki na sehemu moja ya kumi. Kwa kuwa kila kizuizi huongeza desibeli zake juu ya zile za kilichotangulia, kuta tatu kati ya antena na anga zinaweza kufuta kabisa kile ambacho ukuta mmoja ulikipunguza tu.

Jambo la pili ni kwamba chumba hukirudisha kile kilichoingia. Mwaka 1888, katika ukumbi wa mihadhara mjini Karlsruhe, mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz alibandika karatasi kubwa ya zinki ukutani, akalielekeza wimbi kwenye karatasi hiyo, kisha akatembea na kipokezi chake kati ya chanzo na ukuta. Alikuta mahali ambapo cheche za kipokezi hicho zilikuwa na nguvu, na hatua chache mbele mahali ambapo zilizimika kabisa, halafu zikarudi tena. Wimbi linalokwenda na lile linalorudi yalikuwa yanasaidiana mahali fulani na kufutana mahali pengine, hali inayoitwa wimbi simamizi. Vituo hivyo vya nguvu na vya ukimya viko katika kila chumba chenye jokofu, kabati la chuma au ukuta wenye nondo, na kutoka kituo cha ukimya hadi cha nguvu ni robo tu ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 60 kwa sauti za ndege na sentimita 17 kwa redio za walinzi.

Kwa sababu hiyo, antena iliyowekwa juu ya kabati na ikaonekana haifai inaweza kufaa sana ikisogezwa kiganja kimoja. Njia ya kupima ni kuchagua kituo kisichonyamaza, kama vile matangazo ya kurekodiwa ya hali ya hewa na ya njia za kurukia ambayo viwanja vingi vikubwa vya ndege huyarudia bila kukoma, au kwa wakaazi wa Marekani, matangazo ya hali ya hewa ya NOAA yanayosikika saa 24 katika masafa saba kati ya megahezi 162.400 na 162.550. Redio ikiwa imefunguliwa kizuia mngurumo, yaani kile kitufe cha marekebisho kinachonyamazisha redio pasipo na sauti ya mtu, msikilizaji huizungusha antena taratibu chumbani na kusikiliza mngurumo unavyopungua nyuma ya maneno. Pale unapopungua zaidi huwekwa alama ya chaki, na kazi hiyo ya robo saa mara nyingi hushinda antena mpya.

Dirisha, grili na wavu wa mbu

Dirisha ndilo mlango wa wimbi, ila lina walinzi wake. Nyumba nyingi za ghorofa za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zina grili za chuma madirishani, na hapa pia Hertz alitangulia kutoa somo, kwa kuwa mwaka huohuo alitengeneza fremu ya mbao yenye nyuzi za shaba zilizopangwa sambamba, akaisimamisha mbele ya wimbi la takribani sentimita 66. Nyuzi zilipoelekea upande uleule wa mtetemo wa wimbi, wimbi lilizuiwa. Fremu ilipogeuzwa nyuzi zikalikata wimbi kwa pembe mraba, wimbi lilipita kana kwamba hakuna kitu. Ndege, meli na redio za mkononi hutumia mawimbi yanayotetemeka wima, kwa hiyo grili yenye nondo za wima zilizokaribiana ndiyo adui mkubwa, wakati ile yenye nondo za kulala peke yake hudhuru kidogo, na ile ya miraba midogo huzuia pande zote.

Wavu wa mbu nao hustahili kuangaliwa. Wavu wa nailoni hauna athari yoyote, lakini wa waya wa alumini, ambao matundu yake ni madogo mno ukilinganisha na wimbi, ni pazia la metali lililotanda dirisha zima, na kuufungua wakati wa kusikiliza kunaweza kuleta tofauti inayosikika papo hapo. Penye grili isiyoondoleka, antena inaweza kusogezwa kwenye mlango wa roshani au kwenye kidirisha cha jikoni kisicho na chuma. Na popote itakapokaa, isiguse nondo wala kulala sambamba nazo kwa karibu, kwa sababu chuma kilicho jirani huigeuza antena kuwa kitu kingine chenye urefu mwingine.

Upande ambao dirisha linatazama, pamoja na kimo chake, una uzito uleule. Mawimbi ya masafa haya husafiri karibu na mstari ulionyooka, na upeo wake, kwa ardhi tambarare, hupatikana kwa kuzidisha kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta kimo hicho, kwa 4.12, jibu likiwa kilomita. Antena iliyo mita 10 kutoka chini huona kilomita 13. Iliyo mita 30, ambayo ni ghorofa ya tisa au ya kumi, huona karibu kilomita 23. Na ndege iliyo mita 10,000 angani huona kilomita 412. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini msikilizaji wa ghorofani humsikia rubani aliye mbali sana akijibu, huku maneno ya mwongozaji aliye ardhini, ingawa yuko karibu zaidi, hayasikiki kamwe.

Urefu na mkao wa antena

Antena hupokea vizuri zaidi inapolingana na wimbi, na lingano la kawaida ni robo. Antena yenye mikono miwili iliyonyooka, kila mkono robo ya wimbi, mmoja ukiungwa kwenye waya wa katikati wa kebo na mwingine kwenye wavu wa nje wa kebo hiyo, huitwa daipoli, nayo ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Kwa kuwa umeme katika fimbo ya metali huenda kana kwamba fimbo ni ndefu kidogo kuliko ilivyo, robo hupunguzwa kwa asilimia 5 hivi, na kila mkono unakuwa sentimita 56 kwa sauti za ndege, sentimita 46 kwa idhaa za baharini, na sentimita 16 kwa megahezi 450. Daipoli iliyopimwa kwa ajili ya bahari husikia pia masafa yaliyo karibu mara tatu juu yake, kati ya megahezi 450 na 470, na hivyo antena moja huweza kuhudumia kazi mbili.

Kifaa cha kutengenezea daipoli hiyo mara nyingi kiko nyumbani tayari. Ile antena ya ndani ya televisheni yenye pembe mbili za kuvuta, ambayo nyumba nyingi ziliiweka kando pale matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa, nchini Tanzania kuanzia tarehe 31 Desemba 2012, ni daipoli iliyokamilika inayosubiri kurekebishwa, mradi iwe ile isiyo na kikuza mawimbi ndani yake. Pembe zake huvutwa hadi urefu unaotakiwa na kupimwa kwa futi kamba kuanzia kwenye kiungo, si kwenye meza. Kisha kitako chake hufungwa kwa kamba kwenye kipande cha mbao, pembe moja ikielekezwa juu na nyingine chini kwenye mstari mmoja, badala ya kutanuliwa kama pembe za ng'ombe. Kosa la kawaida ni kuzivuta hadi mwisho kwa imani kwamba ndefu husikia zaidi, ilhali fimbo iliyopita robo ya wimbi huanza kupoteza lingano. Kosa la pili ni kuzilaza, kwa maana antena iliyolala mbele ya wimbi la wima inaweza kupoteza desibeli 20, ambazo ni sehemu 99 kati ya 100 za nguvu. Ndani ya nyumba upotevu hupungua kwa sababu kuta huupindisha mtetemo, ila haulipiki wote.

Antena za gari zenye kitako cha sumaku nazo hufaa ghorofani, lakini zina mkono mmoja tu na zinategemea paa la gari liwe mkono wa pili. Zikisimamishwa juu ya meza ya mbao zinabaki nusu. Tiba yake ni sinia la chuma: lenye upana wa sentimita 35 linatosha kwa megahezi 450, kwa kuwa kutoka kitako hadi ukingo kuna robo ya wimbi, lakini kwa sauti za ndege linahitajika bati la zaidi ya mita moja. Sinia la alumini hufanya kazi sawasawa kwa upande wa redio, ila sumaku hailishiki na antena itahitaji kufungwa kwa utepe wa gundi.

Kebo na kelele

Kati ya antena iliyo dirishani na redio iliyo mezani kuna kebo ya koaksio, yaani waya mmoja wa katikati uliozungukwa na plastiki kisha wavu wa metali unaoukinga. Kebo nyembamba ya RG-58 yenye urefu wa mita 10 hupoteza takribani desibeli 2 katika masafa ya ndege, na karibu desibeli 5 katika megahezi 850, hivyo mita nne au tano za kufikia dirisha ni gharama ndogo ukilinganisha na ukuta wa zege. Kebo ya televisheni ya RG-6 hupoteza chini ya nusu ya hapo, na ingawa hutengenezwa kwa ukinzani wa omu 75 wakati skana nyingi zinatarajia omu 50, tofauti hiyo hugharimu chini ya desibeli 0.2, ambazo sikio halizitambui. Panapostahili uangalifu ni kwenye viunganishi, kwa sababu uzi mmoja wa wavu ukigusa waya wa katikati antena yote huwa bure, na mafundi wengi hutafuta kosa kwingine kabla ya kufika hapo.

Mahali na antena vikishatengemaa, adui anayebaki ni umeme wa nyumba yenyewe. Chaja za simu, taa za LED za bei nafuu, televisheni, ruta za intaneti na vifaa vya kubadili umeme vya kompyuta hukatakata mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, na mikato hiyo huvuja kama mawimbi ya redio yanayosikika kwa mngurumo, mluzi au mkwaruzo. Sauti za ndege huumia zaidi, kwa sababu zinatumia mtindo wa AM, ambapo maneno hubebwa na ukubwa wa wimbi, na kila mkwaruzo wa umeme nao ni badiliko la ukubwa. Kumtafuta mchokozi huhitaji redio itumie betri, kisha breka za umeme wa nyumba zizimwe moja baada ya nyingine huku mngurumo ukisikilizwa. Ukipungua ghafla, sehemu ya nyumba imeshajulikana, na kinachofuata ni kuchomoa kifaa kimoja kimoja. Mngurumo usiobadilika hata umeme wote ukizimwa unatoka kwa jirani au kwenye lifti, na dawa yake ni kuisogeza antena upande mwingine wa nyumba.

Kifaa kisichoweza kuzimwa huweza kupunguzwa ukali kwa feraiti, ile pete nyeusi nzito ya kauri yenye oksidi ya chuma inayoonekana kama uvimbe kwenye kebo za skrini za kompyuta, ambayo huruhusu umeme wa kawaida upite na kuyameza mawimbi ya redio yanayotambaa juu ya waya. Pete hiyo hufungwa kwenye waya wa chaja, karibu na chaja yenyewe, na nyingine kwenye kebo ya antena karibu na redio, kwa maana wavu wa kebo hubeba kelele za chumba hadi kwenye antena bila mtu kujua. Wanaotumia kipokezi cha RTL-SDR, kile kidude cha USB kilichotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali na ambacho mwaka 2012 kiligunduliwa kuwa kinaweza kupokea masafa mengi yasiyo ya televisheni, hunufaika zaidi wakikiweka mbali na kompyuta kwa kebo ya USB.

Hapo tu ndipo kikuza mawimbi hustahili kufikiriwa, na hata hapo si kwa kila mtu. Kikuza hakijui kutenganisha sauti na kelele, hivyo huzikuza zote kwa kipimo kimoja na kuongeza kidogo ya kwake. Manufaa yake ni kufidia upotevu wa kebo ndefu, iwapo kitawekwa upande wa antena. Katika jiji lenye mitambo ya FM juu ya vilima na majengo marefu kinaweza kudhuru, kwa kuwa matangazo ya megahezi 87.5 hadi 108 yamepakana na masafa ya ndege, nayo yakizidi nguvu huchanganyika ndani ya redio na kuzaa masafa ya uongo, hata muziki ukasikika mahali panapotarajiwa rubani. Dalili hiyo huponywa na kichujio cha FM, kidude kidogo cha kuunganishwa kwenye kebo kinachozuia ukanda huo peke yake.

Usalama na sheria

Antena ya ndani huondoa hatari kubwa ya radi inayoikabili ile ya paani, ila haiondoi hatari ya umeme wa nyumba, kwa hiyo fimbo na nyaya zake zikae mbali na soketi, na isijaribiwe kusukumwa nje ya dirisha penye nyaya za umeme za mtaani. Kuhusu sheria, nchi hutofautiana: Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2006 ya redio, inakataza kusikiliza kwa makusudi ujumbe usiokusudiwa msikilizaji, ingawa kuwa na skana si kosa, Marekani inaruhusu mengi lakini inakataza simu za mkononi kusikilizwa, na Tanzania, kupitia Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila idhini. Anayetaka kuanza aulize kwanza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, na asitarajie kuwa antena nzuri itafungua yaliyofichwa kwa msimbo, kwa kuwa huo ni ufunguo wa aina nyingine.

Yote yakishafanywa, dirisha moja litabaki dirisha moja. Majirani wawili wa ghorofa ya nane katika jengo la Mombasa, milango yao ikitazamana, wenye redio za aina moja na daipoli zilizopimwa kwa futi kamba moja, hawatasikia mambo yaleyale, kwa kuwa wa upande wa bahari atapata manahodha wanaosubiri kuingia bandari ya Kilindini, na wa upande wa bara atapata marubani wanaotokea Nairobi. Na yeyote kati yao akitaka kusikia ya mwenzake, hatahitaji antena nyingine, atahitaji kubisha hodi.